Kunyonyesha wakati moyo umelemewa: mwongozo kwa mama aliyejifungua na watu wa nyumba yake

Katika nyumba nyingi za Bukavu, mji wa mashariki mwa Kongo, kuanzia mtaa wa Kadutu hadi Bagira, mama aliyejifungua huambiwa maneno mawili yanayopingana, na mara nyingine huambiwa na mtu yule yule siku ile ile. La kwanza ni kwamba kufikiri sana kunakausha maziwa, kwa hiyo aache huzuni. La pili ni kwamba anyonyeshe tu, kwa kuwa furaha ya mtoto itaiondoa huzuni hiyo. Kila neno lina ukweli ndani yake, lakini yote mawili humbebesha mama lawama pasipo kumpunguzia kazi hata moja. Mwongozo huu unaeleza jinsi kunyonyesha kunavyoshikana na sonona ya baada ya kujifungua, ugonjwa ambao wauguzi wetu huuita depresio, na mambo ambayo mama mwenyewe, mume wake, mama mkwe na jirani wanaweza kufanya tangu wakati wa ujauzito.

Ugonjwa huu si wa nadra. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango hicho kinakaribia asilimia 20, yaani mama mmoja kati ya watano.

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, ambayo hutengeneza maziwa, na oksitosini, ambayo huyasukuma yashuke. Kunyonyesha kunakokwenda vizuri huutuliza mwili wa mama, na mama wengi husema wanasikia usingizi mtamu mtoto akiwa bado kwenye titi. Hata hivyo, hofu, maumivu na uchovu mkubwa huizuia oksitosini. Maziwa yapo, lakini hayashuki vizuri. Mtoto analia na kusukuma titi. Mama anaamini kwamba hana kitu. Hofu inaongezeka, na mara inayofuata maziwa yanachelewa zaidi. Kwa hiyo wazee wetu waliona jambo la kweli waliposema kwamba fikira hukausha maziwa, isipokuwa kinachokwama kwanza ni kushuka kwake, na jambo hilo linaweza kurekebishwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao ulitumia taarifa za mama wapatao 14,000 wa eneo la Bristol, Uingereza, uliongeza jambo ambalo familia zinapaswa kulijua. Miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa na sonona wakati wa ujauzito, waliopanga kunyonyesha na wakafaulu ndio waliokuwa na hatari ndogo zaidi ya kuugua, na waliopanga wakashindwa ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi, hata kuliko wale ambao hawakupanga kunyonyesha kabisa. Hapa kwetu karibu kila mwanamke hupanga kunyonyesha, na wala hakuna anayemuuliza kama amepanga. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kunyonyesha kunapokwama Bukavu, mama huumia zaidi kuliko tunavyodhani: anayeshindwa hana kundi la wenzake la kujificha ndani yake.

Kabla ya siku ya kujifungua

Mazungumzo yaanze katika kliniki ya wajawazito au nyumbani katika miezi mitatu ya mwisho. Mjamzito aulizwe kama amewahi kuugua sonona au ugonjwa mwingine wa akili, kama mtoto aliyetangulia alinyonya vizuri, kama amewahi kufiwa na mtoto, na kama nyumbani kuna ugomvi au kipigo. Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo halimaanishi kwamba ataugua, bali kwamba anahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi.

Baada ya hapo mpange watu. Ikiwa mume yuko kwenye machimbo ya Kamituga na hatarudi mpaka mwezi upite, ni nani atakayelala nyumbani wiki za kwanza? Nani atachota maji? Fedha za maternite, yaani hospitali ya uzazi, zimewekwa wapi? Swali hili la mwisho linaonekana kuwa geni katika mwongozo wa kunyonyesha, lakini mama anayezuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, huku akihesabu siku zinazoongeza deni hilo, anaanza kunyonyesha akiwa katika hali mbaya kabisa ya moyo.

Wiki mbili za kwanza

Kondo la nyuma likishatoka, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka ghafla. Kuanzia siku ya tatu hivi mama anaweza kulia bila sababu, kukasirika upesi, kisha kucheka muda mfupi baadaye. Siku hizo hizo ndizo maziwa mengi yanapoingia, matiti yakajaa na kuwa magumu, na wageni wakafurika sebuleni. Hali hii ya kulialia huwapata mama wengi sana, na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Haihitaji dawa wala maombi ya kufukuza kitu. Inahitaji usingizi, chakula, na wageni wanaojua kuondoka mapema.

Kuna pia mama wachache ambao husikia wimbi la huzuni au karaha dakika chache tu, kila mara kabla maziwa hayajashuka, kisha likapita lenyewe. Hilo hutokana na jinsi homoni zinavyobadilika wakati huo, wala si dalili kwamba mama hampendi mtoto wake. Kujua hivyo tu huwatuliza wengi.

Huzuni inayovuka wiki mbili, au inayozidi siku hadi siku, ichukuliwe kuwa ugonjwa mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Sonona inaweza pia kuanza mwezi wa tatu au wa sita, wakati ambapo kila mtu amekwisha kuamini kwamba uzazi umepita salama.

Ondoeni maumivu ya kunyonyesha kwanza

Mama anayeumia kila mtoto anapofungua mdomo huanza kuogopa saa ya kunyonyesha, na woga huo unaweza kumfikisha kwenye sonona. Hili ndilo eneo ambalo msaada mdogo hufanya kazi kubwa, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Mama akae akiwa ameegemea ukuta au mto, na nyayo zake zikanyage kitu kisichotikisika, hata kama ni bidoni ya maji iliyolazwa. Mtoto alazwe akimwelekea, tumbo lake likigusa tumbo la mama, sikio, bega na nyonga vikiwa katika mstari mmoja, ili asinyonye huku amegeuza shingo. Pua yake, si mdomo, ielekee chuchu. Chuchu ikimgusa mdomo wa juu, atafunua kinywa kama anayepiga miayo, na hapo ndipo mama amvute mtoto aje kwenye titi. Asiinamishe mgongo kupeleka titi kwa mtoto. Akishika vizuri, kidevu chake kitagusa titi, mdomo wa chini utapinduka kwa nje, mashavu yatajaa, na weusi unaozunguka chuchu utaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Atavuta haraka haraka mwanzoni, kisha polepole na kwa kina, na aliye karibu atamsikia akimeza.

Ikiwa mama bado anakunja vidole vya miguu kwa maumivu baada ya nusu dakika, asivumilie. Aingize kidole kisafi kwenye pembe ya mdomo wa mtoto ili amwachishe titi, kisha aanze upya. Chuchu inayotoka kinywani ikiwa imebanwa bapa ni ishara kwamba mtoto alishika ncha peke yake. Ikiwa sehemu ya titi inakuwa nyekundu, inauma, na homa inapanda, mama aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, naye aendelee kunyonyesha, kwa kuwa maziwa yakikaa ndani uvimbe utazidi.

Swali la kama maziwa yanatosha lisijibiwe kwa kilio cha mtoto, kwa maana watoto hulia kwa mambo mengi. Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa saa 24. Kuanzia siku ya tano hivi akilowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na akirudia uzito aliozaliwa nao anapokaribia wiki mbili, anapata maziwa ya kutosha, hata kama bibi yake anasema titi ni dogo. Mama aliyetokwa na damu nyingi mno wakati wa kujifungua na ambaye maziwa hayaji kabisa, aonwe na daktari. Hapo tatizo linaweza kuwa la tezi iliyo chini ya ubongo, wala halitibiwi kwa uji.

Jambo moja linalosahauliwa ni dawa ya metoklopramidi, inayojulikana pia kwa jina la Primperan, ambayo baadhi ya mama hununua famasi ili maziwa yaongezeke. Miongoni mwa madhara yake yanayojulikana ni sonona. Mama ambaye moyo wake tayari umelemewa, au aliyewahi kuugua sonona, asiitumie bila kumweleza daktari.

Namna ya kuuliza

Ratiba ya chanjo ya Kongo humrudisha mtoto kituoni akiwa na wiki 6, 10 na 14. Siku hizo mtoto hupimwa, huandikwa, huchomwa sindano, na mara nyingi mama aliyembeba haulizwi lolote kuhusu nafsi yake. Ningependa kila familia izichukue tarehe hizo tatu kuwa siku za kumuuliza mama pia, bila kungoja kituo kiulize.

Wataalamu wana kipimo cha maswali kumi kilichotengenezwa Edinburgh, Uskoti, na kuchapishwa mwaka 1987. Kinauliza kuhusu siku saba zilizopita: kama mama bado anaweza kucheka, kama anatazamia jambo lolote kwa furaha, kama anajilaumu bila sababu, kama ana hofu, kama analala, kama analia, na, katika swali la mwisho, kama amefikiri kujidhuru. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 30. Alama 10 au zaidi, kwingine 13, humaanisha kwamba mama anapaswa kuchunguzwa vizuri. Kipimo chenyewe hakithibitishi ugonjwa. Jibu lolote la ndiyo kwa swali la mwisho hushughulikiwa siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni ndogo.

Nyumbani hakuna haja ya karatasi. Kinachohitajika ni faragha, na katika chumba kimoja chenye watu saba faragha hutafutwa kwa adabu. Mwambie mama mkwe, “Mama, tusaidie kumshika mtoto pale nje kwenye jua kidogo.” Akishatoka, uliza kwa upole: “Mama Asifiwe, mtoto akilala usiku, na wewe usingizi unakuja?” Swali hili lina thamani kubwa, kwa sababu kila mama wa mtoto mchanga amechoka, ila yule anayekodoa macho gizani wakati mtoto amelala fofofo anaonyesha kitu kingine. Akikujibu “Niko tu,” usikimbilie kumwambia amshukuru Mungu. Kaa kimya. Kisha uliza, “Ukimweka mtoto kwenye titi, moyo wako unakuwaje?” Mwingine atasema anaona kama anamnyonyesha mtoto wa mtu. Mwingine atasema anaogopa kubaki naye peke yake. Maneno hayo yasikutishe. Ni dalili, na mwenye kuyasema amekuamini.

Kuuliza kama amefikiri kufa hakumpi mtu wazo hilo. Kunampa ruhusa ya kulisema.

Familia nyingi zitampeleka kwanza kwenye chumba cha maombi. Maombi humfariji mwenye imani, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mfungo wa siku tatu kwa mwanamke anayenyonyesha, na anayemwambia atupe dawa.

Usiku, maji na bugali

Ikiwa nyumba ina nguvu za kufanya jambo moja tu, nalo liwe usingizi. Mama aliyelemewa anahitaji saa nne au tano mfululizo bila kuamshwa, angalau mara kadhaa kwa wiki. Baada ya wiki za kwanza, mtoto akishashika titi vizuri, mpango huu huwezekana: mama anyonyeshe saa tatu usiku, alale, anayemsaidia abaki na mtoto upande mwingine, na mtoto akiamka apewe kwa kikombe kidogo maziwa ambayo mama aliyakamua kwa mkono baada ya kunyonyesha jioni. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa vizuri kwa saa nne ikiwa joto halizidi nyuzi 25, na usiku wa Bukavu kwa kawaida haufiki huko. Kikombe ni bora kuliko biberoni, yaani chupa ya kunyonyea, kwa sababu husafishwa kwa urahisi. Palipo na sabuni, maji yaliyochemshwa na mikono misafi, hakuna kifaa kingine kinachohitajika.

Mengine ni ya kawaida lakini hayafanyiki yenyewe. Mama asipande milima ya Kadutu na bidoni ya lita 20 mgongoni wiki tatu baada ya kujifungua. Apate sahani yake mwenyewe ya bugali na maharagi, sombe au sambaza, ale ikiwa ya moto. Anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi, na katika nyumba nyingi ndiye anayekula wa mwisho. Kila siku atoke nje ya kiwanja mara moja, hata kama ni kwenda kwa jirani wa tatu.

Kuzungumza ni tiba, wala hakuhitaji daktari bingwa kila mara. Huko Rawalpindi, Pakistan, wahudumu wa afya wa kijijini walifundishwa kuwatembelea wanawake waliokuwa na sonona, tangu ujauzito hadi baada ya kujifungua, na kuwasaidia kubadili hatua kwa hatua namna ya kufikiri juu ya nafsi zao na watoto wao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba mtoto alipofikia miezi sita, asilimia 23 ya waliotembelewa hivyo walikuwa bado na sonona, ilhali kwa waliopata matembezi ya kawaida ilikuwa asilimia 53. Wahudumu wa jamii wa hapa kwetu, wale tunaowaita reko, wanafanana nao kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mwiteni wa mtaa wenu, mmweleze hali, naye atawaunganisha na kituo.

Dawa na titi

Kosa linalorudiwa sana ni kumwambia mama achague kati ya dawa na kunyonyesha. Mara nyingi hana haja ya kuchagua. Sertralini hupita katika maziwa kwa kiasi kidogo mno, na kwa watoto wengi haionekani hata damu yao ikipimwa. Amitriptilini, ambayo ni ya bei nafuu na hupatikana zaidi, nayo hupita kidogo. Fluoksetini hupita zaidi na hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo mtoto mchanga hutazamwa kwa makini, ingawa mama ambaye ilimsaidia zamani huenda daktari akamwachia aendelee nayo. Dawa za usingizi kama diazepamu zikitumiwa mfululizo humfanya mtoto asinzie na kunyonya vibaya. Mama aliyezinywa asilale kitanda kimoja na mtoto.

Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, na huendelea kunywewa miezi kadhaa baada ya kupona. Zitunzwe na mtu mwingine wa nyumba, kwa sababu amitriptilini ikinywewa nyingi kwa mara moja ni hatari. Kabla ya yote, daktari aombwe apime wingi wa damu na, inapowezekana, tezi ya shingo, kwa maana upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi humfanya mtu aonekane kama mwenye sonona.

Akitaka kuacha

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Katika mji ambao kipindupindu hakikomi na maji ya bomba hukatika, pendekezo hilo lina uzito kuliko kwingine, kwa kuwa maziwa ya kopo huhitaji maji salama na fedha kila wiki, na familia inayoyapunguza makali ili kopo lifike mwisho wa mwezi inamdhoofisha mtoto.

Hata hivyo, mwanamke anayesema kwamba kila kunyonyesha kunamsukuma karibu na shimo asikilizwe. Mwulizeni kama anataka kuacha kabisa, au anataka kupumzika usiku tu, au anataka maumivu yaondoke. Mara nyingi ni moja kati ya mawili ya mwisho. Akiamua kuacha, na kituo kikiwa kimewasaidia kupanga chakula cha mtoto, apunguze nyonyesho moja kila baada ya siku chache. Kuacha ghafla hujaza matiti, huleta uvimbe, na kwa baadhi ya mama hushusha moyo zaidi kwa sababu homoni hubadilika kwa mara moja. Akishaamua, pasiwe na mtu wa kumkumbusha kila jioni kwamba dada yake alinyonyesha wanne.

Hali zisizongoja kesho

Kwa mama mmoja au wawili kati ya kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, hutokea ugonjwa mzito zaidi: halali na wala hachoki, anachanganyikiwa, anasikia sauti, au anaamini kwamba mtoto amebadilishwa au ni mchawi. Hii ni dharura ya hospitali, sawa na kutokwa na damu. Vivyo hivyo kwa anayesema atajiua au atamdhuru mtoto. Asiachwe peke yake hata dakika moja, wala asiachwe peke yake na mtoto. Dawa na sumu zote ziondolewe nyumbani. Apelekwe usiku huo huo. Bukavu kuna hospitali kuu ya mkoa, Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na kituo cha afya ya akili cha SOSAME. Walioko Goma wana kituo cha Tulizo Letu.

Mwambieni anayempokea kwamba mama ananyonyesha, mtoto ana umri gani, na dawa zote alizokunywa, pamoja na zile za miti. Ikiwa daktari ataona ni salama, mtoto aletwe anyonye huku mtu mwingine ameketi pembeni muda wote. Ikiwa si salama, mama asaidiwe kukamua kila baada ya saa tatu hivi, ili matiti yasivimbe na maziwa yasikauke, naye daktari aseme kama maziwa hayo yanaweza kupewa mtoto kulingana na dawa alizopewa. Mtoto anayebaki nyumbani alishwe kwa kikombe, ili mama atakapotoka hospitali, akiwa bado anataka kunyonyesha, apate wa kushika titi.